Ufunguo wa Stoo

Kule kwetu, upande wa Fizi, nilikuwa titileri, yaani muuguzi anayeongoza kituo cha afya. Ndugu waliokulia Kongo wanajua maana yake. Daktari yuko mbali, kwenye hospitali kuu ya zone. Kijijini ni wewe: unaamua mgonjwa gani apelekwe mbele, unahesabu dawa, unaandika ripoti ya mwezi, unakaa na kamati ya wanakijiji. Mshahara wa serikali? Ulikuja ulipotaka. Kabati mara nyingi lilikuwa na vidonge vya homa tu, lakini ufunguo wake ulikaa mfukoni mwangu.

Hapa kambini mkimbizi hapewi mshahara, anapewa motisha. Sisemi pesa tu. Mwenye motisha yuko chini ya mwenye mkataba, hata kama huyo kamaliza chuo juzi. Nilipoambiwa nitakuwa msimamizi wa zamu ya usiku, wodi ya wazazi, nilifurahi. Kumbe nimepewa jina. Jioni wenye mikataba wanarudi kwenye makazi yao, na ufunguo wa stoo unakwenda nao. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, oksitosini iko hatua chache kutoka kitandani, na mimi msimamizi napiga simu kuomba. Usiku mmoja ufunguo ulichukua dakika 40. Tulimkanda tumbo kwa zamu mpaka ukafika. Alipona. Asubuhi, kwenye ripoti, hakuna aliyeuliza kitu.

Wenzangu wadogo walishajifunza: ukiona jambo, nyamaza, mwite mkubwa. Halafu tunaambiwa wakimbizi hawajitumi!

Rosabeth Moss Kanter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba nguvu ya mtu kazini haitokani sana na tabia yake. Inatokana na anachoweza kukifikia: habari, vifaa, watu wa kumuunga mkono, nafasi ya kukua. Baadaye Heather Laschinger wa Kanada aliyapima mawazo hayo kwa wauguzi. Nilipoyasoma nikacheka peke yangu: hawa walifika kambini kwetu lini?

Aliyegeuza mambo ni muuguzi mfawidhi mpya, mama wa Kitanzania. Wiki yake ya kwanza alikesha nasi usiku mzima, bila kutangaza. Baada ya siku chache akaleta sanduku la dharura: oksitosini ndani ya chombo cha baridi, dripu, glavu, na daftari. Kinachotoka kinaandikwa, msimamizi wa zamu anasaini. Na kwenye ripoti akaanza kuniuliza mbele ya wote, "Mama, usiku mmeonaje?" Siku ya kwanza nilikosa la kujibu, nilikuwa nimezoea kusoma hesabu na kukaa.

Naye alikuwa na wakubwa wake. Nilimsikia kwenye simu akieleza, mara ya tatu, kwa nini mkimbizi ashike dawa. Alikubali kwa maandishi kubeba lawama ikipotea hata chupa moja. Wakubwa wangemkatalia, sijui angetupa nini sisi zaidi ya pole.

Mkataba wake umekwisha, ameondoka. Anayekuja hatujamwona. Daftari la sanduku limebakiza kurasa 4. Nimeandika ombi la jingine, na chini ya jina langu nimeweka "msimamizi wa zamu", basi.