Tanuri la Mama Mdogo

Nimeadimika hapa kwa majuma matatu, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na jambo la kuandika nikawa nalikwepa, na kila nilipokaa mbele ya kompyuta nikaona afadhali nikae kimya kuliko kuandika habari nyingine kana kwamba hili halipo. Linahusu tanuri la umeme. Ndiyo, tanuri. Msicheke kwanza.

Mama mdogo wangu anaishi Tabata. Nyuma ya nyumba yake kuna kibanda kilichokuwa cha kuku, na humo ndani siku hizi anachoma chupa. Anaokota na kununua chupa tupu za bia na za mvinyo, anaziosha, anazikausha, halafu anazilaza ndani ya tanuri hadi zinalala bapa kabisa na kuwa sahani ndefu za kuwekea karanga, matunda, chochote upendacho. Zile sahani unazozikuta kwenye mikahawa ya kisasa ukadhani zimetoka ng'ambo, baadhi zimetoka kwenye banda la kuku la Tabata. Mwezi huo alikuwa amepata oda ya sahani arobaini. Tanuri lake linabeba chupa nne kwa mara moja, na kila mzigo unakula usiku mzima, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe.

Tanuri lenyewe ni sanduku la chuma lenye miguu minne. Ndani limejengwa kwa matofali meupe yanayohimili moto, mepesi kiasi kwamba ukiyakwaruza kwa ukucha yanatoa unga. Kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya matofali hayo zimelala koili, kama zile za majiko ya umeme ya zamani, ila waya wake ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini. Pembeni kuna kiboksi chenye namba nyekundu zinazowaka. Hiyo ndiyo kontrola, na ndiyo bosi wa pale.

Mimi nilidhani kazi ni kuwasha na kuzima. Kumbe kuyeyusha kioo ndiyo sehemu rahisi! Kwanza lazima joto lipande polepole hadi lipite digrii 500, kwa sababu kioo cha baridi kikiharakishwa kinapasuka. Baada ya hapo unaweza kukimbia hadi 780, unakaa dakika kumi, chupa inalala. Kisha unashuka hadi 550 na hapo unatulia saa nzima, ndipo unaendelea kushuka taratibu mpaka asubuhi. Ukiruka kituo hicho cha 550, nje ya sahani kunapoa kabla ya ndani, kioo kinabaki na mvutano ambao jicho halioni. Sahani itatoka nzuri, utaiuza, na juma moja baadaye itapasuka yenyewe mezani mbele ya mgeni. Mama mdogo ameshawahi kupigiwa simu ya namna hiyo. Hataki kuikumbuka.

Basi, tanuri likaanza kuchoka. Zamani lilifika 780 kwa saa nne, sasa likawa linatumia saa sita. Mama mdogo alidhani ni umeme mdogo, na hakukosea kufikiri hivyo, kwani jioni watu wote wakishawasha mafeni na pasi, volti pale kwake zinashuka hadi 200. Nguvu ya koili haishuki sawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Ukitegemea 230 ukapata 200, umepoteza karibu robo nzima ya nguvu. Ndiyo maana yeye huwasha saa nne usiku watu wakishalala. Lakini hata saa nne usiku lilikuwa linajikongoja, akamwita Fundi.

Fundi ni mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Alizima swichi ya ukutani, akachomoa plagi kabisa, akaiweka mahali anapoiona, ndipo akafungua. Akapima koili kwa mita yake: omu 26. Akafungua kifuniko cha boksi la nyaya, na huko ndani kulikuwa kumeandikwa kwa penseli, mwandiko wake mwenyewe wa siku tanuri lilipofungwa: 23. "Imezeeka," akasema. Koili inavyochomwa mara nyingi ndivyo ukinzani wake unavyopanda, na ikipanda kwa sehemu moja ya kumi, kwa kanuni yake Fundi, unatafuta nyingine. Hii ilikuwa imeshapita hapo. Badala ya wati 2,300 ilikuwa inatoa kama 2,030, tena volti zikiwa nzuri.

Nilimtazama akitengeneza mpya na nakiri nilisahau hata kuandika. Waya wa unene wa milimita 1.2, akapima mita 18, akauzungusha kwenye nondo nyembamba kama mtu anayesuka nywele, kisha akauvuta pole pole ili mizunguko iachane kwa nafasi sawa. Mizunguko miwili ikigusana, akaniambia, hapo ndipo itakapokatikia. Ile ya zamani alipoigusa ilivunjika kama tambi kavu. Koili ikishachomwa haipindiki tena ikiwa baridi, ukitaka kuirekebisha lazima uipashe moto hadi iwe nyekundu. Akabadilisha na bolti za kuungia nyaya zilizokuwa na kutu, maana kiungio kilicholegea kinatengeneza moto wake chenyewe. Akalichoma tanuri tupu mara moja ili waya mpya ujivike ukoko wa kijivu unaoulinda. Akalipwa, akaenda zake Morogoro kwenye kazi nyingine.

Jumamosi nikaja na kamera.

Gazeti lilikuwa limenikubalia makala ya ukurasa mzima, na mimi nilitaka picha ya Mama mdogo na tanuri lake likiwa na mwanga wa mlangoni. Tanuri lilikuwa limebanana na ukuta. Nikalisukuma. Nikajipenyeza nyuma yake kutafuta pembe, kiwiko changu kikagonga kitu, nikasikia kama kijiti kinateleza. Nikageuka nikaona kimrija cheupe cha kauri kimechomoza nyuma ya tanuri. Nikajiambia labda ndivyo kilivyo. Nikapiga picha, nikala ubwabwa wa Mama mdogo, nikaondoka.

Jumapili usiku alichoma chupa nne. Jumatatu asubuhi akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uone maajabu." Chupa zilikuwa hazijalala, zilikuwa zimetambaa. Shingo zimepotea, kingo zimemwagika, mbili zimeungana kama maandazi yaliyobanana kwenye karai. Mama mdogo alikuwa ameshatoa hukumu: Fundi ameweka koili kali mno. Akaniuliza, "Au wewe unaonaje?" Nikamjibu, "Labda, Mama." Akampigia Fundi palepale nikiwa nimesimama, na maneno aliyomwambia mzee yule siyarudii hapa. Fundi alimwomba asichome kitu mpaka arudi Jumatano. Lakini oda ina tarehe yake. Usiku ule ule Mama mdogo akapunguza namba kwenye kontrola kutoka 780 hadi 760, akawasha.

Sasa sikilizeni. Jumatatu hiyo hiyo jioni, kabla hajawasha, mimi nilikuwa nyumbani nachagua picha za kupeleka gazetini. Ile nzuri kuliko zote, Mama mdogo ameshika kiuno, anacheka, mwanga umemwangukia begani. Na nyuma ya bega hilo, kile kimrija kimechomoza. Nikatafuta picha niliyoipiga siku Fundi akiwa kazini, upande ule ule. Kimrija hakionekani karibu kabisa, kimezama. Nikaelewa. Simu ilikuwa mkononi. Nikajiambia nitampigia kesho, kwanza nihakikishe, nisije nikamchanganya. Na picha nikaituma.

Zikaungua nne nyingine. Safari hii zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye bamba la kulazia, zikalibandua vipande.

Jumatano Fundi alikuja, akasalimia, hakujibu hata tuhuma moja. Alianza kwa kusema jambo ambalo ningeweza kulisema mimi kama ningekuwa na ujasiri: "Mama, koili ni punda tu. Punda hajui anakokwenda. Tumtafute anayeshika kamba." Akawasha tanuri, akasikiliza rilei. Tak, ikavuta. Tak, ikaachia. Rilei ikigandana umeme unapita moja kwa moja hata kontrola ikisema basi, na hapo tanuri linaweza kujiyeyusha lenyewe. Akapima, ilikuwa nzima. Akaangalia nyaya mbili nyembamba zinazotoka nyuma, wa njano na mwekundu. Mafundi wa magari, akasema, hujikwaa hapa, wanadhani mwekundu ni chanya. Kwenye nyaya hizi za mtindo wa Marekani mwekundu ni hasi, na ukizigeuza namba zinashuka wakati joto linapanda. Nazo zilikuwa sawa.

Nyaya hizo zinakwenda kwenye themokapo, na hicho ndicho kimrija chenyewe. Ndani yake kuna nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Mjerumani aitwaye Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa na upande mmoja ukapata joto, umeme mdogo unajitokeza. Mdogo kweli: kwa aina hii, tanuri likiwa 780, ni kama milivolti 32. Kontrola haina jicho wala ngozi. Inachokijua juu ya moto wote ule ni hizo milivolti 32, na kama ncha haipo panapostahili, inaamini uongo na kufanya kazi kwa bidii zote.

Fundi akatokosa maji kwenye sufuria, akachomoa themokapo, akatumbukiza ncha. Kontrola ikaandika 99. Nzima. Akaikausha, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, kisha akanyamaza muda mrefu. Halafu akamwonyesha Mama mdogo. Kwenye kauri kulikuwa na alama ya moto, sehemu iliyobadilika rangi kwa miaka ya kukaa ndani, kama sentimita nne. Akairudisha kama alivyoikuta. Ndani ya tanuri ilionekana ncha ya sentimita moja tu, iliyobaki imejificha ndani ya tofali, kwenye ubaridi wake. Kontrola ilikuwa inasoma joto la ukuta. Ilipoona 760, chupa zilikuwa mbali sana huko juu.

"Imevutwa," akasema Fundi. "Mimi niliiacha imezama hadi hapa. Nani amelisogeza tanuri?"

Mama mdogo akaapa hajaligusa. Wakaanza kufikiria kijana anayeleta chupa. Jamaa huyo analipwa kwa kila kiroba, na kwa hasira alizokuwa nazo Mama mdogo angefukuzwa kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema ni mimi, Jumamosi, kwa ajili ya picha. Ningeweza kuishia hapo na nikaonekana muungwana. Lakini Fundi aliuliza, kwa upole tu, "Ulijua lini, mwandishi?" Nikasema Jumatatu jioni.

Mama mdogo hakunifokea. Alimgeukia Fundi akamwomba radhi, kwa heshima kabisa, na mzee akasema yamekwisha, Mama. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Mimi hakunisemesha siku mbili.

Fundi aliisukuma themokapo mahali pake, akachora mstari wa wino kwenye kauri usawa wa ukuta wa nje, akaifunga kwa kibanio na skrubu mbili ili hata ng'ombe akipita isitoke. Kontrola ikarudishwa 780. Mimi nilipewa mabamba. Nilivaa barakoa, maana vumbi lile ni baya kwa mapafu, nikakwangua vioo na rangi ya zamani, nikayapaka upya uji wa udongo mweupe na alumina unaozuia kioo kushika. Kwa usiku tisa nililala kwenye mkeka mlangoni mwa banda, kila nusu saa naandika kwenye daftari saa, namba ya kontrola na volti za ukutani. Usiku wa nne umeme ulikatika tukiwa 610 kwenye kupanda. Hatukufungua mfuniko. Ulipokatika kwa dakika ishirini na kurudi, tuliendelea tulipoishia na chupa zikatoka salama. Mama mdogo akaniletea chai bila kusema kitu, nikajua siku zake mbili zimeisha.

Tulipeleka sahani thelathini na sita kwa tarehe iliyopangwa, nne tukaomba siku tatu zaidi. Mteja alinung'unika, akakubali. Gharama za bamba lililoharibika nimelipa mimi, za ile aibu ya simu sijui zinalipwaje.

Makala ilitoka na picha ile ile, kubwa, katikati ya ukurasa. Nilikuwa nimeshindwa kuizuia. Mama mdogo ameikata na kuibandika bandani, juu ya boksi la nyaya. Juzi nilipokwenda nikakuta mtu ameizungushia duara la penseli pale nyuma ya bega, na kwa mwandiko ule ule ulioandika 23 ameongeza: sentimita 3.