Namba na Maana Yake

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kila wingu lina mvua. Sisi tunaofasiri tunaijua vyema tofauti hiyo: maana ya kwanza ya neno katika kamusi si lazima iwe ndiyo aliyoikusudia mwandishi. Kanuni hiyo hiyo inatawala chini ya gari.

Jirani yangu huendesha teksi, gari la otomatiki lililofika kisiwani likiwa limekwishatumika Japani. Mwaka juzi lilianza kumsumbua. Asubuhi lilikwenda salama. Adhuhuri, likishapata moto, lilikataa kubadilisha gia, injini ikalia kwa nguvu na mwendo usiongezeke. Katika gereji moja lilipimwa kwa mashine, ikatokea namba P0753. Akaambiwa giaboksi imekufa, anunue nyingine. Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na ada za skuli za wanawe wawili kwa mwaka mzima.

Fundi wa mtaani petu hakuikubali hukumu ile. Aliniletea kitabu cha matengenezo cha Kiingereza: “Maalim, nisomee hapa.” Mimi lugha sikuisomea chuoni, nimejifunza kwa kamusi na taa ya usiku. Nikasoma. Kitabu hakikusema giaboksi imekufa. Kilisema kuna hitilafu katika njia ya umeme ya solenoidi A. Na katika njia hiyo mna waya, soketi, na solenoidi yenyewe.

Jina solenoidi lilitungwa na Mfaransa Ampère katika miaka ya 1820, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya bomba. Ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kama uzi, na ndani yake mna kipande cha chuma. Kompyuta ya gari ikipeleka umeme, waya huwa sumaku, chuma husogea, na tundu la oili hufunguka au hufungwa. Oili hiyo ndiyo inayobana na kuachia klachi za ndani ya giaboksi. Kompyuta ikihisi kuwa umeme haupiti, hukata amri zake, na giaboksi hubakia na gia chache, pengine moja tu.

Fundi alianza na oili. Ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua wala chembe za chuma. Lau ingekuwa nyeusi na imeungua, huenda klachi zimekwisha, na solenoidi mpya isingefaa kitu. Akakagua waya na soketi, kisha akapima kwa mita gari likiwa baridi: omu 13. Kitabu kiliruhusu 11 hadi 15 katika nyuzijoto 20. Mwingine angeishia hapo. Yeye aliiendesha teksi mpaka giaboksi ikapata moto, akapima tena. Ukinzani wa shaba hupanda kwa joto. Kwenye nyuzijoto 80 ungefikia karibu omu 16. Mita ikaonyesha kwamba njia imekatika kabisa. Ndani ya solenoidi, waya uliovunjika uligusana ukiwa baridi, ukaachana kwa joto.

Akafungua sampo, akabadilisha solenoidi ile moja, akasafisha chujio, akatia oili ya aina iliyoagizwa na kitabu. Namba ile haijarudi.

Ingalitokea P0751, kazi ingalikuwa nyingine: umeme huenda unapita, lakini gia haibadiliki, hapo hutafutwa uchafu au vali iliyokwama, na mita pekee haitoshi. Tarakimu moja humpeleka fundi pahala pengine.

Katika kurasa kama hizi tumejadili sana tafsiri za mashairi na riwaya, na ni haki yake. Vitabu vya mafundi hatujavijadili, ilhali msomaji wao akikosa maana, mtu mwengine hulipa kwa ada ya mtoto wake. Tangu siku ile ninamfasiria fundi kitabu chake, sura baada ya sura, katika daftari la skuli. Neno solenoidi nimeliacha kama yeye anavyolitamka. Chini yake nimeandika maneno aliyonitajia mwenyewe: pima ikiwa baridi, kisha pima ikiwa moto.