Chura wa Bologna

Waingereza wana kitenzi wanachokipenda sana wanapotaka kusema kwamba mtu fulani amewaamsha wenzake wakasimama na kutenda: "galvanize". Kocha huwafanyia hivyo wachezaji wake wakati wa mapumziko, mgombea huwafanyia wapigakura, janga huifanyia dunia nzima. Hazipiti siku nyingi bila magazeti ya London kukiandika. Sisi tunasema kuhamasisha, na inatosha. Lakini kitenzi hicho kimetoka katika jina la mtu, Luigi Galvani, na mtu huyo alikuwa na mji wake. Nikaenda kuuona.

Bologna ni mji wa matofali mekundu na baraza. Baraza zake ni njia ndefu zenye matao, zinazokufunika mtaa baada ya mtaa, hata mvua ikinyesha unaweza kuvuka sehemu kubwa ya mji bila mwavuli. Ukizijumlisha zote zinafika kilomita 62 hivi, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza sehemu ya baraza hizo katika Urithi wa Dunia. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe ataona tofauti mara moja: baraza la kwetu humkalisha mpita njia, la Bologna humpitisha.

Nyuma ya kanisa la San Petronio kuna uwanja mdogo wenye jina la Galvani, na sanamu yake imesimama hapo tangu 1879. Nimezoea sanamu za watu wanaonyoosha mkono mbele, kama wanaoongoza jeshi au kuuhutubia umati. Huyu ameinama. Anatazama kibao alichokishika, na juu ya kibao hicho yupo chura.

Kisa cha chura kinasimuliwa mashuleni kwa mkato mno. Galvani alikuwa tabibu na mwalimu wa anatomia katika chuo kinachohesabu umri wake tangu 1088. Mkewe, Lucia Galeazzi, binti wa profesa aliyemfundisha, alishirikiana naye katika majaribio mpaka alipofariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 paja la chura aliyekwisha kufa lilishtuka pale kisu kilipogusa mshipa wa fahamu huku mashine ya umeme ikitoa cheche karibu yake. Miaka michache baadaye, mapaja yaliyotundikwa kwa kulabu za shaba nyeupe kwenye uzio wa chuma yalitikisika hata bila mashine. Hapo ndipo Galvani alipofikia wazo lililomshughulisha maisha yake yote yaliyobaki, nalo alilichapisha mwaka 1791: kwamba umeme ule haukuletwa kutoka nje. Ulikuwamo ndani ya mnyama mwenyewe. Chuma kilifungua njia tu.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Mtu ambaye jina lake limekuwa kitenzi cha kuwashtua wengine kutoka nje alitumia nguvu zake zote kutetea kwamba nguvu imo ndani.

Kutoka Bologna nilipanda treni hadi Milano, kisha Como, mji wa Alessandro Volta. Hapa mambo ni mengine kabisa. Ukingoni mwa ziwa kuna jengo jeupe lenye kuba na nguzo, Hekalu la Volta, lililojengwa miaka ya 1920. Bologna inamkumbuka mtu wake akisoma. Como imemjengea wake kama mfalme. Ndani kuna vyombo vya Volta, vingine vikiwa nakala, maana moto wa maonyesho ya 1899 uliteketeza vitu vyake vingi. Volta alipinga kwamba chura ana umeme wake. Kwake paja lilikuwa kipimo tu. Umeme ulitoka kwenye madini mawili tofauti yaliyogusana. Ili kuthibitisha, alipanga visahani vya zinki na fedha kwa zamu, katikati vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akaitangazia Jumuiya ya Kifalme ya London betri ya kwanza. Redio ya mkulima wa Njombe na tochi ya mvuvi wa Pemba ni wajukuu wa chombo hicho.

Basi watu wengi wakadhani Volta ameshinda. Lakini Galvani alikuwa amejibu kwa jaribio lisilotumia chuma chochote: aligusisha mshipa na msuli wa chura mwenyewe kwa mwenyewe, na paja likashtuka. Katika miaka ya 1840 Emil du Bois-Reymond, Mjerumani, alipima umeme huo ndani ya misuli na mishipa, na mwaka 1952 wanasayansi Hodgkin na Huxley walieleza jinsi chembe za chumvi zinavyopita kwenye ngozi ya mshipa na kuuzalisha. Volta alikuwa sahihi kuhusu madini. Galvani alikuwa sahihi kuhusu uhai.

London sikukaa sana. Nilitaka tu kufika ilipokuwa gereza la Newgate, ambapo leo ipo mahakama ya Old Bailey. Januari 1803, Giovanni Aldini, mpwa wa Galvani, aliuchukua mwili wa George Forster, aliyenyongwa hapo kwa kosa la mauaji, akaupitishia umeme mbele ya watazamaji. Taya likatetemeka, jicho moja likafumbuka, ngumi ikakunjwa. Kwa maoni yangu, maana ya kitenzi cha Waingereza inafanana zaidi na onyesho hili kuliko na kitabu cha mjomba. Mwenye nguvu ni aliyeshika waya, na anayetikiswa ni maiti. Ndiyo maana hakinipendezi kinapotumiwa kwa watu wazima wenye akili zao. Kijiji hakikuwa kimekufa kabla ya mheshimiwa kushuka kwenye gari.

(Kitenzi hichohicho ndicho Waingereza wanachokitumia kwa chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu. Mabati yanayofunika nyumba kutoka Kigoma hadi Lamu ni matokeo ya kazi hiyo. Maana hiyo sina ugomvi nayo.)

Nimewahi kuona Nungwi, kaskazini mwa Unguja, jahazi likishuliwa. Umati wa wanaume, kamba nene, magogo chini ya mkuku, mchanga uliokwisha kulowa. Mwimbishaji alianza, wengine wakaitikia, na kwenye kiitikio wote wakavuta. Chombo kilisogea hatua moja, kikasimama, wimbo ukaanza tena. Mwimbishaji naye alikuwa kwenye kamba. Sauti yake haikuongeza nguvu hata kidogo katika mikono ile. Ilichofanya ni kuifanya mikono yote ivute kwa wakati mmoja. Nikilinganisha na nilichokiona Ulaya, Galvani angelielewa jambo hili kuliko Aldini.

Mwaka 1798, Jamhuri ya Cisalpina iliyoundwa na Napoleon iliwataka maprofesa waape utii. Galvani alikataa, akapoteza kiti chake na mshahara, akahamia kwa kaka yake, akafariki tarehe 4 Desemba mwaka huohuo. Volta alikwenda Paris mwaka 1801 kumwonyesha Napoleon betri yake, na baadaye akapewa cheo cha "count". Simlaumu Volta, lakini nikichagua mwalimu wa kunifundisha namna ya kuwagusa watu, namchagua aliyelala katika kanisa la Corpus Domini, Bologna, pamoja na mkewe.

Nawaomba wanahabari wenzangu jambo moja. Kabla ya kuandika kwamba kiongozi fulani amewahamasisha wananchi wakajenga shule au wakachimba mtaro, waulizeni kwanza wananchi hao walikuwa wakifanya nini kabla hajafika, kisha mliandike hilo katika aya ya kwanza.