Kamba Iliyofupika

Watu wengi hudhani ya kuwa kupima ni kazi nyepesi. Mtu hutwaa kamba au fimbo, huilaza juu ya kitu, huhesabu, huandika, na kazi imekwisha. Mimi nami nalidhani hivyo, ingawa nalikuwa na cheti cha ualimu ndani ya sanduku langu. Aliyenionyesha kuwa sivyo hakuwa mwalimu wa chuo, bali binti mmoja wa darasa la sita. Leo nataka kuwasimulieni habari hiyo, ijapokuwa sehemu yake moja hainipendezi kuikumbuka.

Wakati ule nalikuwa kijana wa miaka 23. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, na ng'ambo ya mto palikuwa na shule ndogo za vijiji, zisizo na vyombo vya kufundishia sayansi. Mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, kila Jumamosi uwatembelee watoto wale. Ubao na chaki wanavyo. Vitu vya kushika kwa mikono yao hawana." Nikafurahi sana, nikaanza kutengeneza kikapu changu cha vipimo.

Nalijiwekea sharti moja: nisitie kikapuni kitu ambacho mtoto hawezi kujitengenezea kwao. Nikatia makopo mawili na fimbo iliyonyooka, kwa kufanya mizani. Nikatia chupa ya lita moja, maana maji yakiijaa uzito wake ni karibu kilo moja, na kwa njia hiyo mtoto aweza kupata jiwe la kilo bila kwenda dukani. Nikatia fimbo mbili za mita moja, nilizozigawanya kwa sentimita. Mwisho nikasokota kamba mbili mpya za mkonge, kila moja mita 10 kamili, na katika kila mita nikafunga uzi mwekundu uwe alama. Kamba hizo ndizo nalizojivunia kuliko vyote.

Somo la kwanza halikutaka chombo chochote. Naliwaambia watoto waipime meza moja kwa shibiri zao. Mmoja akapata shibiri 9, mwingine 11, na mwalimu wao, mzee mwenye vidole virefu, akapata 8. Mara wakaanza kubishana. Nikauliza, "Nani aliyesema kweli?" Wakafikiri kitambo, kisha mmoja akajibu, "Wote, Mwalimu. Meza ni moja, mikono ndiyo mbalimbali." Jibu lilikuwa zuri. Wazee wetu walijua kwamba shibiri 2 ni dhiraa 1, na dhiraa 4 ni pima 1. Lakini walijua pia ya kuwa mwenye kununua nguo hutaka apimiwe na mtu mwenye mikono mirefu. Ndiyo sababu watu wakahitaji kipimo kimoja kisichofuata mkono wa mtu.

Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya kurudi, nalipima kwa kamba yangu umbali baina ya miembe miwili iliyokuwa uwanjani mwao. Kamba ikalala mara 6 sawasawa. Nikaandika katika daftari langu: mita 60. Hilo litakuwa somo la Jumamosi ya pili.

Jumamosi ya pili mto ulikuwa umejaa kwa mvua ya usiku. Kamba moja nalikuwa nimeivaa begani. Ya pili ilikuwa chini kabisa katika kikapu. Tulipofika katikati ya mto maji yalitufika kiunoni, na kikapu kikazama upande. Nikakiinua, nikaikamua ile kamba iliyolowa, nikaendelea na safari. Sikuwaza neno lo lote.

Nikawagawanya watoto makundi mawili, kila kundi na kamba yake na fimbo yake ya mita, ya kupimia baki. Kisha nikafanya kosa langu la kwanza. Nikasema kwa majivuno, "Mtu apimaye vizuri atapata mita 60."

Kundi la kwanza wakaleta mita 60. Katika kundi la pili watoto watatu walishika daftari. Wavulana wawili waliandika 60. Binti mmoja aliandika mita 61 na sentimita 83.

Nikamwuliza, "Wenzako wamepata 60. Wewe umetoa wapi hesabu hii?"

Akajibu polepole, "Shambani, Mwalimu. Katika kamba."

Watoto wakacheka. Nikamwambia apime tena. Akapima tena, akarudi na hesabu ile ile. Hapo nalikasirika, nikatwaa kalamu ya wino mwekundu, nikaikata kazi yake mbele ya wenzake, na juu yake nikaandika 60. Hakulia. Alifunga daftari lake tu, akakaa kimya mpaka mwisho wa somo.

Jioni nikarudi nyumbani, nikazitoa kamba zangu ili nizianike barazani. Nikafunga ncha mbili penye nguzo moja, nikazivuta zote mbili pamoja mpaka ncha za pili. Nikashangaa. Kamba iliyolowa ilikuwa haifiki ilipofika mwenzake. Nikatwaa fimbo, nikapima. Ilipungua sentimita 30. Nyuzi za mkonge zinywapo maji huvimba, nayo kamba iliyosokotwa ikivimba kwa unene hufupika kwa urefu. Mita yake moja sasa ilikuwa sentimita 97 tu.

Fanyeni hesabu pamoja nami, kama nalivyoifanya usiku ule kwa taa. Kamba yenyewe ilikuwa mita 9 na sentimita 70. Ukiilaza mara 6, umekwenda mita 58 na sentimita 20. Katika mita 60 imebaki mita 1 na sentimita 80. Ondoa alama moja zaidi ya kamba, yaani sentimita 97. Imebaki sentimita 83, ambazo binti yule alizipima kwa fimbo. Kwa alama za kamba ile, basi, jumla ni 61, na baki 83. Mita 61 na sentimita 83! Hesabu ile ile niliyoikata kwa wino mwekundu. Binti hakukosa hata sentimita moja. Kamba ndiyo iliyodanganya, na aliyeilowesha ni mimi.

Usiku ule sikupata usingizi. Moyo mmoja uliniambia, "Kamba itakauka. Hakuna atakayejua." Na kweli, hakuna ambaye angalijua. Lakini wazee husema, njia ya mwongo ni fupi. Nami kamba yangu ilikuwa imekwisha fupika. Jumatatu nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikavuka mto tena.

Mwalimu mzee aliponisikia alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nimefundisha tangu wewe hujazaliwa. Watoto hawasahau mwalimu aliyekosa. Wala hawamsahau aliyekiri. Chagua unavyotaka kukumbukwa." Kisha akaniita darasani.

Nikasimama mbele ya watoto, nikawaeleza yote, nikamwomba binti yule aniwie radhi. Akasimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Hata mimi nalidhani nimekosa. Lakini nalihesabu mara tatu, sikuona mahali pa kubadili."

Ndipo mmoja wa wale wavulana wawili akainua mkono, akiwa ametazama chini. "Mwalimu, nasi tulipata 61 na sentimita 83. Tukaandika 60 kwa sababu Mwalimu alisema ni 60."

Neno hilo liliniuma kuliko yote. Nalikwenda kuwafundisha watoto kupima, nami nikawafundisha watoto wawili kuacha yale waliyoyaona kwa macho yao, ili wampendeze mwalimu.

Siku ile hatukusoma somo jingine. Tuliipima kamba kavu, tukailoweka ndani ya ndoo, tukaipima tena, tukaianika juani, tukaipima mara ya tatu, na kila mtoto akaandika hesabu yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Sijapata kuona darasa lenye bidii namna ile.

Miaka kadha ilipita ndipo niliposoma habari za watu walioipima dunia yenyewe. Mwaka 1791 wataalamu wa Ufaransa waliamua ya kuwa mita iwe sehemu moja katika milioni 10 ya njia itokayo Ncha ya Kaskazini mpaka ikweta. Mwaka 1792 wakatumwa mabwana wawili, Delambre na Méchain, kupima sehemu ya njia hiyo, baina ya Dunkerque kaskazini mwa Ufaransa na Barcelona katika nchi ya Hispania. Kazi ilikuwa wakati wa vita na fitina, ikachukua miaka ipatayo 7. Méchain alipokuwa Barcelona alipima mahali pa mji kwa kutazama nyota, na alipopima tena hesabu zake mbili hazikupatana. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Lakini aliona haya, akaificha, na siri ile ikamtesa moyo mpaka alipokufa kwa homa mwaka 1804. Delambre ndiye aliyeigundua katika karatasi zake.

Sikilizeni jambo la ajabu. Mita iliyotengenezwa kwa platini mwaka 1799 kweli ilikuwa fupi kidogo kuliko walivyokusudia, kiasi cha sehemu mbili katika kumi za milimita. Lakini kosa hilo halikutokana hasa na siri ya Méchain, bali na hesabu zao juu ya umbo la dunia. Maskini, aliteseka kwa aibu bure! Kama angaliitoa tofauti yake wazi, wenzake wangaliitafuta sababu yake pamoja naye. Siku hizi mita haitegemei tena kipande cha madini wala njia ya kuzunguka dunia. Tangu mwaka 1983 ni umbali ambao nuru hupita mahali pasipo hewa katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Nuru hailowi mtoni.

Tangu siku zile nimetengeneza masomo mengi ya kupima, na kila moja nalifanya kwa desturi tatu. Kwanza, simtajii mtoto jibu kabla hajapima. Pili, kila mtoto hupima mara tatu, akaandika kwa wino yote matatu, hata yasipopatana. Tatu, kabla ya kulaumu mtu, tunakipima kwanza kipimo chenyewe.

Ninyi msomao, fanyeni hivi: tafuteni kamba mpya ya mkonge, pimeni mita 10, kisha iloweni, mpime tena. Huenda kamba yenu isifupike kama yangu, hutegemea ilivyosokotwa. Andikeni mtakachoona ninyi, si nilichoandika mimi. Na mwalimu wenu akisema jibu ni 60, nanyi kamba ikawaonyesha 61, inueni mkono kwa adabu, mseme, "Mwalimu, tunaomba tuitazame kamba."

Binti yule sasa ni mtu mzima. Daftari lake, lenye hesabu iliyokatwa kwa wino mwekundu, alinipa mwenyewe siku alipomaliza shule, nami nimelihifadhi katika sanduku langu, juu ya cheti changu cha ualimu.