Madesa Yetu, Faharasa Yetu

Google imeshakuwa kitenzi hapa chuoni. Mtu hasemi "tafuta", anasema "gugo". Sina ugomvi na hilo, nami nagugo kila siku. Ila sisi tunaosomea ualimu tuna swali la ziada: yule mtoto wa kidato cha pili tutakayekwenda kumfundisha, nani anamchagulia jibu la kwanza analoliona?

Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho kule Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake katika utafutaji. Ilikuwa ikilipa kampuni za simu na vivinjari iwekwe mbele ya wengine; mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3. Kwa hiyo ukinunua simu ukaikuta pale juu, haikufika kwa bahati.

Mwenzangu wa chumba, yeye anasoma kompyuta, ndiye aliyenionyesha YaCy. Ni programu huria iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2003 na Michael Christen. Haina makao makuu. Ukiiweka kwenye kompyuta yako inatembelea kurasa unazoiambia, inaandika faharasa ya maneno yaliyomo, kisha inagawana faharasa hiyo na kompyuta za wenzako popote walipo. Ukitafuta, swali linakwenda kwao. (Msiichanganye na SearXNG. Ile haina faharasa yake, inakuulizia tu kwa injini nyingine bila kukutaja.)

Kwa asaimenti ya kesho asubuhi YaCy haikusaidii, tusidanganyane. Iko taratibu, na kwa Kiswahili tuliambulia matokeo ya kuokoteza. Utamu tuliuona tulipoifunga isitoke nje, tukaipa folda ya madesa yetu ya miaka mitatu. Bila bando hata MB moja, tukawa tunatafuta ndani ya PDF zote kwa mpigo. (Madesa mliyopiga picha kwa simu hayamo, ile ni picha, haioni maandishi.) Nikawaza zile shule za field, kompyuta nane na intaneti ya kubahatisha.

Halafu tukagonga ukuta. Andika "mwalimu", desa lenye "walimu" haliji. Andika "kufundisha", "anafundisha" na "walifundishwa" wanabaki wamejificha. Kiingereza kwa kawaida hubadilisha neno mkiani, na injini nyingi zimezoea kukata mkia. Kiswahili kinabadilika kichwani. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia anajua hili, ila waliotengeneza mashine hawakukaa darasani kwetu.

Hapa ndipo uhuria unapokuwa na maana kwangu. Kwenye injini ya kampuni ningeishia kulalamika. YaCy ina mahali pa kuweka faili la visawe: unaandika "mwalimu, walimu" kwenye mstari mmoja, inayachukua kama ndugu. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Ngeli ya M-WA na ya KI-VI tunaziandika Jumapili jioni, majina ya masomo yetu kwanza, Kiswahili na Jiografia. Vitenzi ndivyo vinavyotutoa jasho, maana kitenzi kimoja kina sura nyingi mno kuorodheshwa kwa mkono. Mwenzangu anataka kuandika programu ya kuvua viambishi, na ameniomba kanuni za viambishi njeo. Anayezijua vizuri aje, tupo hosteli, chai ipo.