Kikopo cha Elfu

Rafiki yetu akaaye Marekani hutafuta vikopo vilivyofichwa na watu asiowajua, akiongozwa na chombo kipokeacho vipimo vya satelaiti. Akikiona kimoja hutia jina lake katika daftari lililomo, kisha hukirudisha mahali pake. Tulipomzuru alikuwa amekwisha kuona 999.

Alituchukua Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ulikoanza mchezo huu Mei 3, 2000, Dave Ulmer alipoficha ndoo msituni, mara tu Serikali ya huko ilipoacha kupotosha vipimo hivyo kwa raia. Leo pana bamba la ukumbusho. Kutoka hapo tukaingia mwitu wa jirani kutafuta cha elfu.

Tulipekua mizizi na magogo mvuani hata magharibi ikaingia, tusikione. Tukamwambia, "Jihesabie tu, nani atajua?" Akatujibu kwa upole, "Mwalimu, daftari halina jina langu." Tukaona haya, sisi tufundishao watoto amana.

Asubuhi tulirejea, akakiona ndani ya gogo bovu. Tulimpongeza, wasomaji wapenzi, si kwa elfu yake, bali kwa usiku ule aliolala na 999.