Kumtafuta Babu Poland

Nilipokuwa mwanafunzi Poland, rafiki yangu mmoja, Mpolandi aliyezaliwa ughaibuni, aliniomba nimsaidie kutafuta asili ya babu yake. Alikuwa na jina la ukoo na jina la kijiji, Dąbrowa. Tulidhani kazi ni nyepesi. Kumbe Dąbrowa katika nchi ile ni nyingi mno! Majuma mawili tuliwasoma wafu wa watu wengine.

Aliyetuokoa ni kasisi aliyemfungisha babu ndoa huko ugenini: katika cheti aliandika parokia ya kuzaliwa kwake. Jina la parokia, msomaji wangu, ndilo la kutafutwa kwanza.

Poland iligawanywa na majirani zake mwaka 1772, 1793 na 1795, ikarudi kuwa dola huru mwaka 1918. Hivyo lugha ya daftari hufuata mtawala. Upande wa Austria makasisi waliandika Kilatini. Upande wa Urusi, tangu 1868, Kirusi, na tarehe mbili, ya kalenda ya kale na ya mpya, zikiachana siku 12 katika karne ile. Mimi nilidhani karani amekosea.

Daftari za uzazi zilizotimiza miaka 100 huhamishiwa hifadhi za nyaraka za serikali, na picha za nyingi hutazamwa bure katika intaneti. Humo tulimwona babu: mtoto mchanga, ameletwa na baba yake, mkulima, mbele ya mashahidi wawili. Mwisho kasisi ametia sahihi peke yake, kwa kuwa wale watatu hawakujua kuandika. Rafiki yangu aliniomba nimsomee tena mstari ule.